Albamu Imetoka, Sasa Ziara: Mwongozo Kamili wa Kuipeleka Bendi ya Nairobi Ng'ambo

Mpiga ngoma wetu aliweka pasipoti yake mezani, tukaanza kuhesabu kurasa. Muda wake ulikuwa haujaisha, ulibaki miaka mitatu, na tarehe hiyo ndiyo peke yake tuliyokuwa tumeikagua. Ndani, mihuri ya Namanga, Busia na Entebbe ilikuwa imejazana kama vibandiko kwenye kioo cha matatu. Ukurasa mtupu ulibaki mmoja. Viza ya Schengen, ile moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inataka kurasa mbili.

Wakati huo tarehe ya albamu ilikuwa imeshatangazwa, tiketi za Ulaya zilikuwa zinauzwa, na tulikuwa na wiki saba tu mkononi. Pasipoti mpya ilitoka, viza nayo ikaja, lakini alitufikia ziara ikiwa katikati. Shoo nne za kwanza tulipiga na kijana wa huko huko, mtu mpole mwenye kipaji, aliyejifunza nyimbo zetu kumi na nne akiwa kwenye treni, simu sikioni. Kuna wimbo mmoja wa benga ambao ngoma ya mguu huingia kabla ya besi. Kila usiku yeye aliingia pamoja na besi. Wasikilizaji hawakugundua kitu. Mwimbaji wetu aligundua, na nilimwona akigeuza shingo kila wimbo ulipofika pale.

Naandika haya kwa mameneja vijana wa Nairobi na kwa waimbaji wanaojisimamia wenyewe, ambao albamu yao imeanza kusikilizwa mbali na nyumbani na sasa wanaulizwa, "Mnakuja lini?" Ziara hupangwa kwa kurudi nyuma, kutoka siku ya kupanda jukwaani hadi leo, na kazi huanza na pasipoti ya mtu wa mwisho kwenye bendi. Tarehe ya kuachia albamu ifuate hapo. Mimi huipenda itoke wiki tatu hadi sita kabla ya shoo ya kwanza, ili watu waje wakiwa wameshajua maneno.

Mwaka mmoja kabla: pasipoti zote mezani

Siku moja baada ya mazoezi, kila mtu alete pasipoti yake, hata fundi wa sauti, hata mtu wa akiba. Kagua vitu vitatu. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku mtakayotoka Schengen. Iwe na kurasa mbili tupu au zaidi. Anayehitaji mpya aombe sasa, na akiwa mtu wa kusafiri achukue ile ya kurasa 50 au 66 badala ya 34.

Andika majina yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, katika faili moja. Jina la jukwaani libaki kwenye bango. Barua ya mwaliko, mkataba, tiketi ya ndege na bima vyote vibebe jina la pasipoti. Nimeona ombi likikwama kwa sababu promota aliandika jina ambalo mashabiki wote wanalijua, lakini Idara ya Uhamiaji hailijui.

Kuna njia rahisi ya kuokoa kurasa: Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Bendi ikienda Kampala au Kigali, acheni pasipoti nyumbani.

Na kwa kuwa mko kwenye foleni za makaratasi, malizeni chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Afrika Kusini, kwa mfano, itakuuliza hicho cheti ukitokea Kenya.

Tafuta wasikilizaji wako wanaishi wapi

Fungua takwimu za Spotify na YouTube za miezi mitatu iliyopita, uangalie miji badala ya nchi. "Ujerumani" haikusaidii kitu, maana huwezi kupiga shoo Ujerumani nzima. Hamburg inakusaidia. Linganisha wasikilizaji wa kila mwezi na watu wanaokufuata mitandaoni kutoka mji huo huo. Pale wanaokufuata ni wengi, kuna watu watakaonunua tiketi. Pale wasikilizaji ni wengi lakini wanaokufuata ni wachache, huenda wimbo mmoja uliingizwa kwenye orodha ya mtu fulani, na watu wanausikiliza wakipika bila kujua jina lako.

Ukishapata miji kumi hivi, kumbuka kwamba utakutana na shoo za aina mbili, na ni muhimu uzitofautishe mapema.

Ya kwanza ni ya ukumbi wa muziki au tamasha: kuna fundi wa sauti, saundicheki, yaani kujaribu sauti kabla ya shoo, ina saa yake, unapanda saa tatu usiku na saa tano watu wanakwenda kulala. Malipo si makubwa mwanzoni, lakini yanafika.

Ya pili ni ya diaspora. Wakenya wenzetu wanakodi ukumbi, wanaleta DJ, na usiku huo unakuwa mtamu kuliko wowote mwingine kwenye ziara, kwa sababu watu wanaimba kila neno, wengine machozi yakiwatoka. Nazipenda shoo hizi kwa dhati. Lakini ndizo zilizotuumiza pia. Katika mji mmoja wa baridi tuliambiwa tungepanda saa nne usiku. Tulipanda saa tisa, na mwenyeji wetu alipoulizwa nusu ya pili ya malipo akasema mlango haukuleta kitu. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Hatukulipwa hadi leo. Tangu wakati huo, shoo ya diaspora naikubali kwa sharti moja: fedha zote ziwe benki kabla ya kupanda ndege. Mwenyeji mzuri haoni vibaya, na wako wengi wazuri.

Njia: anza karibu, na usichanganye mabara

Kwa ziara ya kwanza napendekeza awamu. Kwanza Afrika Mashariki, wiki tatu hadi sita baada ya albamu: Kampala, Kigali, Dar es Salaam. Mtazijua nyimbo mpya zinapofanya kazi na zinapolala, na kosa la huko halikugharimu tiketi ya ndege ya Ulaya. Tanzania bara, msanii wa kigeni anahitaji kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Zanzibar ina baraza lake, BASSFU. Mwambie promota akuonyeshe kibali chenyewe, maana "tumeshaomba" si kibali.

Ulaya ni awamu ya pili. Marekani iwe peke yake, mwaka unaofuata ikibidi, kwa sababu mlango wake unafunguliwa kwa namna nyingine kabisa, kama nitakavyoeleza.

Ndani ya Ulaya, panga miji iliyo karibu. Paris hadi Brussels ni kama kilomita 300, na Berlin hadi Hamburg ni karibu hivyo hivyo. Huo ndio umbali mzuri: mnatoka saa nne asubuhi, mnafika saa tisa alasiri, mnapanga vyombo bila kukimbizana. Promota akikupa shoo nzuri iliyo kilomita 900 kutoka ya jana, iombee tarehe nyingine au ikatae.

Viza: hapa ndipo ziara hufia

Nchi za Schengen sasa ni 29. Switzerland na Norway zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland ni mwanachama wa Umoja lakini haimo Schengen. Uingereza haimo kote kuwili. Viza moja ya Schengen inakupitisha zote 29, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila 180.

Ombi linapelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi mtakayoingia kwanza. Hili lina maana kubwa kwa mpangaji wa ziara: unaweza kuongeza siku ya mapumziko katika nchi fulani na ukawa umechagua ubalozi. Mimi huchagua nchi ambayo promota wake ni taasisi inayojulikana, tamasha la siku nyingi au ukumbi unaopokea fedha za umma, kwa sababu barua yake ina uzito.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Usiende karibu na hizo 15. Miadi ya kuwasilisha makaratasi huisha haraka, hasa kuanzia Mei watu wanapojiandaa kwa majira ya joto, ambayo ndiyo majira ya matamasha pia. Lenga kuwasilisha miezi mitatu kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, kampuni inayopokea maombi inaongeza yake, na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000.

Sasa faili lenyewe. Afisa ana swali moja kubwa: huyu mwanamuziki atarudi nyumbani? Mwenye kazi ya mshahara ana barua ya mwajiri. Mpiga besi wa mtaa wa Umoja, Nairobi, anayelipwa kwa M-Pesa kila Ijumaa na Jumamosi hana, kwa hiyo mjengee ushahidi mapema:

- Miezi sita ya taarifa za benki. Mwambie leo aanze kuhamisha malipo ya shoo kutoka M-Pesa kwenda benki, hata kidogo kidogo, ili mtiririko uonekane. Taarifa ya M-Pesa iambatishwe nayo.
- Mkataba wa nyumba, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya chuo kama anasoma, PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya.
- Mkataba kati ya mwanamuziki na mwimbaji, unaosema kazi yake, malipo yake na tarehe za kuanza na kumaliza.
- Mkataba wa shoo ya Nairobi inayofuata baada ya ziara.

Huo wa mwisho watu wengi huusahau. Shoo ya kurudi nyumbani, iwe bustanini pale Alliance Française au kwenye ukumbi wowote wa Westlands, iwekewe tarehe na dipoziti kabla ya kuomba viza. Ni sababu halisi ya bendi nzima kurudi, na pia ni fedha.

Faili za bendi nzima zifanane kwa mpangilio, ziwasilishwe pamoja, kila moja ikiwa na ukurasa wa mbele unaoonyesha ratiba siku kwa siku: mji, ukumbi, hoteli, usafiri. Mwombe kila promota athibitishe kwa maandishi kama nchi yake inataka kibali cha kazi kwa msanii anayelipwa kwa siku chache, maana kila nchi ina sheria yake hapo.

Mtu akikataliwa, atapewa karatasi yenye sababu, na ana haki ya kukata rufaa. Rufaa mara nyingi huchelewa kuliko shoo. Ndiyo maana kwa kila chombo muhimu niwe nimeshazungumza na mtu wa akiba ambaye yuko tayari Ulaya, na nimeshamtumia rekodi za mazoezi. Rekodi za mazoezi, nasema, maana mwaka ule tulimtumia yule kijana wa ngoma albamu yenyewe, ambako besi na ngoma zimechanganywa hadi huwezi kusikia nani ametangulia.

London inaombewa viza yake peke yake. Kwa ziara yenye mdhamini kuna viza ya Creative Worker, inayohitaji cheti cha udhamini kutoka taasisi ya Uingereza yenye leseni. Kwa mwaliko mfupi wa kulipwa, sheria za mgeni wa kawaida zinaruhusu msanii kufanya kazi aliyoalikwa ndani ya mwezi mmoja tangu aingie, mradi mwaliko uwe umepangwa kabla ya safari. Na iwekeni London mwanzoni au mwishoni kabisa. Ikikaa katikati, mtatoka Schengen na kutaka kuingia tena, na viza ya kuingia mara moja haikubali. Kenya Airways inaruka Paris na London zote, kwa hiyo ingieni kwa Paris, mtoke kwa London.

Marekani kwa kifupi: kabla hujafika ubalozi wao wa Gigiri kwa mahojiano, lazima kuwe na mtu au kampuni ya huko iliyokuombea kibali kwa fomu I-129. Mwimbaji mwenye sifa kubwa huenda na O-1, bendi inayotambulika kimataifa P-1, na wanaopiga muziki wa utamaduni wao P-3. Mafundi na wasaidizi wana vibali vyao vinavyofuata. Ombi linaweza kupelekwa hadi mwaka mmoja kabla. Magazeti yaliyowaandika, mabango ya zamani, barua za wanamuziki wanaoheshimika, vyote vinahitajika. Anza kuvikusanya kwenye boksi moja sasa, hata kama safari ni ya mwaka kesho.

Bajeti: hesabu yenye uchungu, ifanye mapema

Chukua mfano huu, nambari za mviringo za kufanyia zoezi. Watu wanane: mwimbaji, wanamuziki watano, fundi wa sauti, meneja. Siku 16, shoo 9, wastani wa euro 1,800 kila shoo. Mapato ni 16,200.

Ndege kwa 750 kila mtu ni 6,000. Viza 720, bima 320. Gari la kukodi kwa 130 kwa siku, 2,080, na mafuta 600. Dereva pamoja na malazi yake, 200 kwa siku, 3,200. Promota huwalaza usiku wa shoo, lakini usiku sita uliobaki, vyumba vinne kwa 80, ni 1,920. Posho ya 30 kwa kila mtu kila siku, 3,840. Wanamuziki na fundi, 100 kwa kila shoo, 5,400. Jumla 24,080. Umepoteza karibu euro 8,000 kabla ya kodi. Tena watu tisa ndani ya gari la viti tisa, gitaa atabeba nani mapajani?

Hapa wengi hukimbilia kupunguza posho au kumwambia dereva abaki nyumbani. Usifanye hivyo. Mwanamuziki mwenye njaa hupiga vibaya, na mtu aliyetoka kupiga shoo hapaswi kushika usukani saa nane usiku akiendesha upande wa kulia wa barabara ambao hajauzoea. Punguza ukubwa wa bendi, na jaza siku tupu.

Watu sita: mwimbaji, wanamuziki watatu, fundi, meneja. Shoo 11 katika siku zile zile 16. Mapato 19,800. Ndege 4,500, viza 540, bima 240, gari 2,080, mafuta 600, dereva 3,200, hoteli usiku nne kwa vyumba vitatu 960, posho 2,880, malipo ya shoo 4,400. Jumla 19,400. Umebaki na 400, nazo pia ni kabla ya kodi. Ndogo, lakini si pengo la 8,000, na albamu imesikika miji kumi na mmoja.

Hizo siku 16 zinagawanyika hivi: siku ya kufika, siku ya kuondoka, na kati yake siku 14. Shoo tatu, pumziko, tatu, pumziko, tatu, pumziko, mbili. Koo la mwimbaji lisipewe zaidi ya usiku tatu mfululizo. Nimejaribu nne, usiku wa nne nyimbo za juu zilishushwa toni moja na nusu, na bendi ikalazimika kutafuta funguo mpya katikati ya saundicheki.

Kupunguza bendi kunauma, kwa sababu atakayebaki nyumbani ni rafiki. Mwambie mapema, uso kwa uso, na mpe nafasi kwenye shoo za Afrika Mashariki na ile ya kurudi. Sauti za kuitikia ambazo hazisafiri zinaweza kutoka kwenye kompyuta ya mpiga kinanda, lakini mwimbaji wa kuitikia aliyezirekodi alipwe kwa matumizi hayo.

Mkataba na kodi

Kila shoo iwe na karatasi iliyotiwa saini: kiasi, sarafu, nusu kwanza na siku ya kulipa nusu ya pili, nani analipa hoteli, chakula, usafiri wa ndani, na nini kinatokea shoo ikivunjwa. Viza ikikataliwa isihesabiwe kuwa umevunja mkataba. Weka kifungu hicho kwa maneno yako.

Neno la kuuliza kila mara ni hili: hizo fedha ni kabla ya kodi au baada? Ujerumani hukata msanii wa kigeni asilimia 15 pamoja na nyongeza ya mshikamano, jumla 15.825. Katika shoo ya euro 1,800, ni karibu 285 zimeondoka. Uingereza hukata asilimia 20 malipo yakivuka kiwango cha msamaha, na Marekani asilimia 30 ya malipo yote kabla ya gharama, isipokuwa umeomba makubaliano maalum na mamlaka ya kodi ya huko angalau siku 45 kabla ya shoo ya kwanza. Kenya ina mikataba ya kodi na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Sweden na nchi nyingine kadhaa, lakini mikataba hiyo kwa kawaida huiachia nchi ya shoo haki ya kumtoza msanii. Faida yake utaiona nyumbani, ukiwa na cheti cha kodi uliyokatwa. Kidai kwa kila promota kabla hujaondoka mjini.

Vyombo na forodha

Usibebe nyumba nzima. Mpiga ngoma abebe sahani zake za kugonga, ngoma ndogo ya kati na pedali. Ngoma zilizobaki, spika za besi na stendi ziwe za ukumbi. Andika hilo kwenye raida, yaani karatasi ya mahitaji ya bendi, pamoja na mchoro wa jukwaa na orodha ya maikrofoni, na uitume miezi miwili kabla. Kila kipande kiwe kwenye orodha yenye jina, nambari ya kiwandani na thamani, na forodha ya uwanja wa ndege wa JKIA waione mkiondoka, ili msitozwe ushuru wa gitaa lenu wenyewe mkirudi.

Mizigo iwe kilo 23 kwa begi, na usivuke 32 hata ukiwa na fedha za ziada. Mafundi wa Kamukunji wanatengeneza masanduku imara ya bati, lakini sanduku tupu peke yake hula kilo nyingi. Kwa ndege, tafuta la plastiki ngumu. Betri za lithiamu za akiba zisafiri nawe ndani ya ndege, kamwe zisiwe kwenye mzigo wa chini. Chini ya saa-wati (Wh) 100 hazina shida, kati ya 100 na 160 uliza shirika la ndege. Plagi zetu zinaingia Uingereza moja kwa moja. Bara la Ulaya unahitaji adapta tu, nunua Luthuli Avenue. Marekani umeme ni volti 120, kwa hiyo soma nyuma ya kila kifaa kabla ya kukichomeka.

Halafu vyombo vya asili. Ziara moja tulikuwa na mpiga orutu, zeze la Waluo, na chombo chake alirithi kwa mjomba wake. Tulikigeuza kwenye chumba cha mazoezi Ngong Road, tukaona ngozi iliyofunika kisanduku cha sauti ina magamba madogo, safu kwa safu. Ilikuwa ngozi ya kenge. Kenge yumo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuvuka mpaka na ngozi yake bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na cha nchi unayoingia ni kukipoteza chombo forodhani. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema chombo cha mjomba hakitasafiri. Fundi alimtengenezea kingine kwa ngozi ya ng'ombe, iliyokaushwa na kusafishwa, isiyo na manyoya hata kidogo, kwa sababu ngozi yenye manyoya inawatia maafisa wasiwasi wa magonjwa kama kimeta. Sauti ilikuwa kavu zaidi. Baada ya wiki mbili za kupigwa kila siku ililainika, na mzee akaanza kutabasamu nayo. Anza kazi kama hiyo miezi mitatu kabla. Gitaa la mbao ya rosewood halina tatizo tangu Novemba 2019, isipokuwa rosewood ya Brazil.

Mazoezi

Fanyeni shoo nzima, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kusimama, angalau mara sita. Albamu haipigwi kwa mpangilio wake. Nyimbo mpya saba, za zamani saba, na ile inayojulikana zaidi isiwe ya mwisho bali ya pili kutoka mwisho, ili ubaki na kitu cha kuwaaga nacho. Jiandaeni kwa dakika 45, 60 na 90, kwa kuwa tamasha litakupa 45 na ukumbi 90. Mara moja fanyeni mazoezi mkiwa mmechoka, usiku, baada ya siku ya kazi. Ndivyo itakavyokuwa.

Njiani

Kila usiku tuma karatasi ya kesho kwenye kundi la WhatsApp: saa ya kuondoka, anwani, saundicheki, chakula, kupanda jukwaani, kulala. Andika saa kwa nambari 24, kwa sababu "saa tatu" ya Nairobi na "saa tatu" ya dereva wa Ulaya si moja. Na mwishoni mwa Machi na Oktoba saa za huko hubadilishwa Jumapili ya mwisho. Tuliwahi kupoteza saa nzima ya kupanga vyombo kwa kusahau hilo.

Mwimbaji alale. Baada ya shoo apige picha na watu dakika thelathini, akizungumza kwa sauti ya chini, kisha aende. Vyumba vya Ulaya wakati wa baridi vina joto kavu linalokausha koo. Taulo yenye maji juu ya kipasha joto husaidia, maji ya uvuguvugu husaidia zaidi.

Fulana za kuuza zichapishwe huko huko, kwani ukizibeba kutoka River Road forodha itazihesabu kama bidhaa. Uliza ukumbi unakata asilimia ngapi. Mtu wa kuuza awepo tangu milango inapofunguliwa.

Piga picha orodha ya nyimbo kila usiku, ile iliyobandikwa sakafuni, pamoja na zilizobadilishwa dakika ya mwisho.

Mkirudi

Orodha hizo ni fedha. Nchi nyingi za Ulaya ukumbi hulipia muziki unaopigwa, na vyama vya mirabaha kama PRS for Music Uingereza, GEMA Ujerumani na SACEM Ufaransa humgawia mtunzi akijulikana. Uingereza tozo ya shoo za muziki ni asilimia 4.2 ya mapato ya tiketi. Hakikisha nyimbo za albamu zimesajiliwa kabla ya ziara, kwenye chama chako cha Kenya au moja kwa moja kwenye kimojawapo cha hivyo, kisha peleka tarehe, ukumbi na orodha ya nyimbo za kila shoo. Watunzi wengi wa Nairobi hawajawahi kufanya hivyo, na fedha zao zimegawiwa wengine.

Vyeti vya kodi viingie kwenye faili la KRA. Risiti zipangwe kwa mji.

Wanamuziki walipwe salio ndani ya wiki ya kwanza, kabla ya mwimbaji na kabla ya meneja, kila mmoja akipewa karatasi inayoonyesha shoo zake, posho zake na alichokwisha kuchukua. Mimi huzigawa kwenye saundicheki ya shoo ya kurudi nyumbani, alasiri, ukumbi ukiwa bado mtupu. Mwaka ule mpiga ngoma alisoma yake, akaikunja, akaiweka ndani ya pasipoti mpya, kisha akaketi kwenye ngoma na kupiga ule wimbo wa benga tangu mwanzo, mguu ukitangulia besi.